Kioo Alichosoma Baba

Jumatatu, 3 Machi

Leo baba amesimama mbele ya mwaka wa pili dakika nzima bila kusema neno. Wanafunzi walidhani anasubiri wanyamaze, wakanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma ya darasa nashughulika na waya wa projekta, nikamwona anavyoutazama mkono wake ulioshika kalamu ya ubao kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hatimaye akauliza, "Tulikuwa wapi?" Wakacheka, maana miaka yote huwauliza hivyo kuwapima. Msichana wa mstari wa mbele akajibu, "Mzunguko wa damu, Mwalimu," na somo likaendelea.

Leo hakuwa anawapima.

Daktari ndiye aliyenitaka niandike. "Andika siku zake, hata mambo madogo," alisema, "tuone yanavyokwenda." Ugonjwa wenyewe ni wa kusahau, lakini si ule tunaoutania kwa wazee. Baba ana miaka hamsini na tisa. Daktari alisema utasonga mbele tu, hautarudi nyuma. Tunaojua ni watatu: mimi, kaka yangu aliye mbali, na baba mwenyewe, siku anazokumbuka.

Baba anafundisha dawa na vipimo vyake katika chuo cha wauguzi, mwaka wa thelathini na moja sasa. Mimi ni fundi wa vifaa chuoni hapohapo: kompyuta, projekta, vipaza sauti, kila kinachoingizwa kwenye umeme. Mwezi wa sita anastaafu. Jana nilimwambia aombe ruhusa ya ugonjwa, akakataa.

"Nataka nimalize muhula," alisema. "Nitoke kwa miguu yangu, wasinitoe."

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia.

Kompyuta ukiiunganisha na projekta inaweza kufanya mambo mawili. Inaweza kutupa ukutani kilekile kilichoko kwenye kioo chake. Au inaweza kugawa: ukutani ikatoka slaidi peke yake, na kwenye kioo cha mwalimu ikatoka slaidi hiyohiyo pamoja na maelezo ya pembeni ambayo darasa haliyaoni. Walimu wengi hapa hawalitumii hilo la pili. Baba alikuwa akilicheka. "Mwalimu anayesoma kwenye kioo ni mtangazaji wa habari," alikuwa akisema.

Leo nimemwekea maelezo ya somo zima, nimeyanakili kutoka kwenye madaftari yake ya zamani. Maneno meusi ni ya kusema. Mekundu ni ya kufanya: bonyeza, ngoja, watazame. Tumefanya mazoezi mezani kwetu baada ya chakula cha mchana. Alisoma vizuri, kwa sauti yake ileile. Alipomaliza akaniuliza, "Nani ameandika haya? Anajua kazi."

"Ni wewe, baba. Ni maneno yako."

Ijumaa, 7 Machi

Imefanya kazi. Saa mbili nzima hakukwama hata mara moja. Nilikaa nyuma nikijifanya naangalia nyaya, moyo mkononi. Wakati wa kutoka akanishika bega, jambo ambalo hajalifanya tangu tumzike mama.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Paa la darasa la mwaka wa pili ni la bati tupu, halina dari. Ikinyesha kwa nguvu, wa nyuma hawasikii kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Baba amewapa wanafunzi wake majina, kwa kuwa majina yao halisi hayamkai tena kichwani. Kijana mrefu wa safu ya pili anamwita Maswali. Msichana wa mstari wa mbele, yule anayeandika kila neno linalotoka mdomoni mwa mwalimu na haongei mpaka aulizwe, anamwita Kimya. Wao wanadhani ni mapenzi. Ni mapenzi pia.

Kimya hatazami ukuta. Anamtazama baba. Nimeliona hilo leo na likanipa raha.

Jumatatu, 17 Machi

Mkuu wa chuo alisimama mlangoni dakika kumi, mikono nyuma, baba akifundisha. Ni mwanamke mkavu, hacheki na mtu, ingawa naye alipita mikononi mwa baba akiwa mwanafunzi. Alipoondoka aliniita kando.

"Mwalimu anaendeleaje?"

"Salama tu, Mkuu."

"Siku hizi anasoma sana kwenye kompyuta."

"Ndiyo ufundishaji wa kisasa."

Akanitazama kidogo, akaenda zake. Simpendi. Naona anamtafutia baba sababu ili amwondoe kabla ya siku zake.

Ijumaa, 21 Machi

Ameyumba. Katikati ya somo aligeuka kutazama slaidi ukutani, akaanza kusoma kutoka huko, na aliporudi kwenye kioo chake hakujua yuko mstari gani. Akatokwa jasho. Ilibidi nijifanye umeme umeleta shida, nikazima kila kitu.

Nyumbani nimemwambia: "Baba, ukutani ni kwa ajili yao. Wewe usigeuke kabisa. Soma kilichoko mbele yako, hicho ndicho kweli."

"Nisigeuke," akarudia, kama mtoto anayetumwa dukani.

Nimeongeza kwa maandishi mekundu juu ya kila ukurasa: USIGEUKE UKUTANI.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumatano, 26 Machi

Leo amesoma hata yale mekundu. Alifika mahali nilipoandika "kunywa maji," akasema kwa sauti ya kufundishia, "Kunywa maji." Darasa likaangua kicheko, wengine wakatoa chupa zao wakanywa. Naye akacheka, akanywa. Mpaka saa sita chuo kizima kilikuwa kinasimulia utani wa Mwalimu.

Niliingia chooni nikakaa huko mpaka nilipoweza kutoka.

Jumatatu, 31 Machi

Maswali ameuliza swali ambalo halikuwa kwenye kioo. Lilikuwa la kawaida tu, kwa nini dawa fulani haipewi mwenye figo mbovu. Baba alilitafuta jibu kwenye maelezo, akapandisha, akashusha. Kisha akamfokea kijana wa watu mbele ya wenzake, yeye ambaye sijawahi kumsikia akimfokea mwanafunzi. Maswali akakaa, uso umemshuka.

Jioni baba hakukumbuka kumfokea mtu, ila alikuwa na huzuni asiyojua imetoka wapi. Alikaa barazani akiisikiliza mvua, chai imempoa mkononi.

Nimemtafutia neno la kujikinga, nimeliweka kwa maandishi mekundu chini ya kila ukurasa: Ukiulizwa na hukumbuki, sema: Andikeni nilivyosema.

Jumatano, 2 Aprili

Limemsaidia mara mbili leo. Wanafunzi wanadhani amekuwa mkali kwa kuwa anaondoka.

Jumapili, 6 Aprili

Kaka amepiga simu. Anasema nafanya kazi ya watu watatu na Mungu ananiona. Nimemwambia zimebaki wiki tisa.

Jumatano, 9 Aprili

Maji yameingia maktaba. Nimemwashia baba kompyuta yake, nikahakikisha kioo kimegawanyika, nikamwacha na somo la vipimo vya dawa kwa watoto, nikakimbilia maktaba kuokoa mashine. Tumezinyanyua kumi na mbili, mbili zimekufa. Baba anasema somo lilikwenda vizuri.

Jumatano, 16 Aprili

Amevaa viatu viwili tofauti. Niliona tukiwa tumefika getini.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Barabara ya nyuma imekatika, tunazunguka.

Jumatatu, 28 Aprili

Mwaka wa pili wamekwenda hospitali kwa mazoezi, wiki mbili wodini. Baba hana kipindi. Nilivyolala usingizi mzito jana, nimejua jinsi nilivyokuwa nimechoka.

Alhamisi, 8 Mei

Kuna mtoto amefariki wodi ya watoto. Wa kike, miaka minne. Wanasema alipewa dawa kupita kiasi, na aliyempa ni mwanafunzi wetu.

Ni Kimya.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeyapata kamili kwa msimamizi wa mazoezi. Mtoto alikuwa na tatizo la moyo na alikuwa anaendelea vizuri, walikuwa wanapanga kumruhusu. Jumatano mchana muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na watoto thelathini na wawili. Daktari alikuwa ameandika jina la dawa na mara za kuitoa, kiwango hakikusomeka vizuri. Kimya alimwuliza muuguzi. Muuguzi alikuwa ameshika mtoto mwingine anayetetemeka kwa homa, akamjibu, "Si mmefundishwa? Mpe kama mlivyofundishwa." Kimya akafungua daftari lake, akapima, akatoa.

Ilikuwa mara kumi ya kinachotakiwa.

Mama wa mtoto alikuwa ametoka kununua sabuni.

Kimya amesimamishwa. Amerudishwa bwenini, amekaa kitandani, hali chakula. Tume inakaa wiki ijayo. Chuoni kila mtu anasema lilelile, kwamba wenzake wote wameandika sawasawa kwenye madaftari, ni yeye tu na uzembe wake.

Nimemwambia baba. Alishtuka sana. "Yule wa mbele? Yule hakosei," alisema. "Yule anaandika ninachosema."

Jumatatu, 12 Mei

Maswali amekuja karakana yangu saa nne, amelowa chapachapa. Nilidhani ana kompyuta mbovu.

"Dada," akasema, "naomba tufunge mlango."

Nikafunga. Akatoa daftari lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akalifungua kwenye tarehe tisa Aprili. Ilikuwa siku ya maji ya maktaba. Alikuwa ameandika jina la dawa ile, na mbele yake 0.5. Chini yake kwa kalamu nyingine: Mwalimu kasema 5??

"Mvua ilikuwa kubwa," akasema. "Wa nyuma walikuwa hawasikii kitu, walinakili ukutani. Ukutani ilikuwa nukta tano. Lakini Mwalimu alitamka tano. Akarudia, tano. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, Mwalimu, ukutani tunaona sifuri nukta tano. Hakugeuka hata kutazama. Akasema, andikeni nilivyosema."

Nikalivuta daftari karibu.

"Mimi nikaiacha ya ukutani kama ilivyo, nikasema nitamwuliza siku nyingine akiwa na moyo mzuri. Sikumwuliza. Yeye alifuta ya ukutani akaandika ya Mwalimu. Nilimwona akifuta."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Mwalimu ndiye aliyenifanya nisiache chuo mwaka jana." Akafuta uso kwa kiganja, na haikuwa mvua. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye unayemwandalia. Pengine mimi nilisikia vibaya."

Nilimwambia nitaangalia. Alipotoka nilikaa nikiitazama kompyuta kama unavyotazama mlango ambao unajua nyuma yake kuna nini. Kisha nikaifungua slaidi ya tarehe tisa.

Slaidi ni ya baba mwenyewe, aliitengeneza miaka mingi nyuma akiwa mzima. Imesema 0.5. Chini yake ni maelezo yangu, meusi: "Kiwango chake ni miligramu 5 kwa dozi moja." Na mbele yake, nyekundu: "Rudia mara mbili."

Nimelitafuta daftari lake la zamani nililonakili. Namba iko wazi: 0.5. Wino haujafutika, karatasi haijalowa, sina pa kujifichia. Niliandika haraka jioni ya siku ya Jumanne, chakula kikiwa jikoni, na nikaruka sifuri na nukta. Namba sahihi ilikuwa kwenye kioo hichohicho, juu ya niliyoiandika, upana wa vidole vitatu.

Baba angeiona. Baba wa mwaka juzi angeisoma ile tano na ulimi wake ungekataa wenyewe. Na hata baba wa leo, kama angegeuka, pengine angesita. Mimi ndiye niliyemwambia asigeuke. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba kilichoko mbele yake ndicho kweli. Hata lile jibu alilompa Maswali, nililiandika mimi.

Jumanne, 13 Mei

Nimempigia kaka, nikamweleza yote.

"Hayo maelezo yanaonekana na nani?"

"Na mimi tu."

"Basi yafute."

"Kaka, kuna msichana anafungwa."

"Hafungwi. Atafukuzwa chuo, atafanya kazi nyingine, ana miaka ishirini. Mzee wetu je? Miaka thelathini na moja, mdogo wangu. Unataka wamkumbuke kwa hili? Yeye mwenyewe hajui. Mtoto wa watu hafufuki ukisema, hafufuki usiposema."

Nilimwambia nimesikia. Kaka si mtu mbaya. Yuko mbali tu, na aliyeko mbali huona mambo yamenyooka.

Jumatano, 14 Mei

Nimeyafungua maelezo mara tatu. Mara ya tatu niliyachagua yote tayari kuyafuta, kidole kikiwa kwenye kitufe. Mkuu akaingia bila kubisha.

Nikafunga kompyuta. Alijua nimeifunga kwa sababu yake. Akavuta kiti akakaa, kitu ambacho hajawahi kukifanya karakana.

"Ijumaa tume inataka slaidi za siku ile," akasema. "Utakuja kuziwasha."

"Sawa, Mkuu."

"Mwalimu naye ataitwa, kwa kuwa ni somo lake. Ni kawaida tu. Ataulizwa kama alifundisha kiwango hicho, slaidi itaonyeshwa, basi."

"Atakuwepo."

Hakuinuka. Alikuwa anatazama mikono yake. "Nilijua tangu Januari," akasema. "Aliniita kwa jina la mkuu aliyekuwepo kabla yangu, mara mbili, katika kikao kimoja. Nikanyamaza. Nilijiambia muhula mmoja hauui mtu."

Ndipo akainuka, akatoka. Hakuniambia nifanye nini. Nimekaa miezi miwili nikimwona adui anayemwinda baba, kumbe tulikuwa tunambeba wote wawili, kila mmoja upande wake, bila kuambiana.

Sijafuta.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika saa kumi alasiri. Baba amelala.

Tume ilikaa ukumbi mdogo: Mkuu, muuguzi mkuu wa hospitali, na daktari mmoja wa watoto. Kimya alikaa kwenye kiti cha peke yake katikati. Amekonda, sare imemwachia mabega. Baba yake mzazi alikuwa karibu na mlango, kofia mapajani, mtu wa kazi ngumu, kucha zimechakaa. Baba yangu nilimkalisha mbele nikiwa nimemvalisha koti lake la kijivu. Mimi nilikuwa kwenye meza ya kompyuta. Mvua haikunyesha. Kila neno lilisikika.

Nikawasha. Ukutani ikatoka slaidi, 0.5, kubwa kama kichwa cha mtu.

"Imeandikwa vizuri kabisa," akasema muuguzi mkuu. "Binti, mwenye macho anasomaje tano hapo?"

Kimya akasema polepole, "Mimi nilimsikiliza Mwalimu."

"Mwalimu alisemaje?"

Kimya akamtazama baba. Baba akamtabasamia, tabasamu la mtu anayejua uso lakini hajui ni wa nani. Nikamwona yule msichana akielewa. Sijui alielewa kiasi gani, lakini kitu kilipita usoni mwake. Akainamisha kichwa.

"Sikumbuki vizuri," akasema. "Labda nilisikia vibaya. Kulikuwa na mvua."

Baba yake pale mlangoni akafumba macho.

Nilikuwa nimejiandalia maneno usiku na mchana, nimeyapanga, na yote yakapotea. Nilichofanya ni kubonyeza vitufe viwili, vile vya kuiambia kompyuta iache kugawa. Ukuta ukawa mweusi kidogo. Kisha kioo changu chote kikatokea ukutani, na maelezo yote, meusi na mekundu.

Walikuwa wanasoma. Lakini aliyezoea kusoma kwa sauti alikuwa mmoja. Baba aliinuka, akafunga vifungo vya koti, akasimama wima kama anavyosimama darasani, akaanza.

"Usigeuke ukutani. Mbele yako ni mwaka wa pili. Salimia. Habari za asubuhi. Leo tunaendelea na vipimo vya dawa kwa watoto. Watazame. Tabasamu." Akatabasamu. "Dawa hii husaidia moyo wa mtoto, lakini ni dawa ya kuogopwa, ukizidisha kidogo tu inaua. Ngoja waandike."

Akangoja. Tukangoja naye.

"Kiwango chake ni miligramu tano kwa dozi moja. Rudia mara mbili. Miligramu tano. Miligramu tano. Ukiulizwa na hukumbuki, sema: Andikeni nilivyosema."

Akamaliza. Akatugeukia. "Kuna swali?"

Daktari wa watoto alikuwa ameweka kalamu chini. Kimya alikuwa analia bila sauti, mabega tu yanatikisika. Ni baba yake aliyeuliza, kutoka mlangoni, na hakuuliza kwa ukali.

"Nani aliandika hayo?"

"Mimi," nikasema.

Nikawaeleza kila kitu, tangu Machi. Ilichukua muda. Baba alikaa akanisikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza habari za familia nyingine, na mahali fulani akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Jumatatu, 19 Mei

Kimya amesafishwa. Mimi nimesimamishwa kazi na suala langu limepelekwa juu. Baba amestaafishwa kwa ugonjwa kuanzia leo, bila kuagwa. Muuguzi wa zamu naye ameandikiwa barua, na daktari mwenye mwandiko mbaya hajaandikiwa chochote.

Mkuu alinionyesha nakala ya ripoti kabla haijatumwa. Kwenye orodha ya waliojua hali ya Mwalimu wakanyamaza, ameliweka jina lake mwanzo kabisa, juu ya langu.

Jumatano, 21 Mei

Kaka hapokei simu zangu.

Alhamisi, 22 Mei

Kila asubuhi baba anavaa koti anataka kwenda kazini. Jumanne nilichoka kumdanganya kwamba ni likizo, nikamwambia ukweli wote: mtoto, dozi, kioo. Alilia sana. Aliuliza mtoto alikuwa wa miaka mingapi, nikamwambia minne, akashika kichwa. Alilala analia. Jana asubuhi aliamka, akavaa koti, akauliza kwa nini haendi kazini. Nikamwambia tena. Akalia tena vilevile, akauliza swali lilelile, akashika kichwa vilevile.

Leo nimesema ni likizo.

Jumatatu, 26 Mei

Maswali alikuja kumjulia hali baba. Wamekaa barazani muda mrefu. Baba alimweleza jinsi figo zinavyofanya kazi na kwa nini ile dawa ya swali la Machi haipewi mwenye figo mbovu, neno kwa neno, bila kusita, kama kitabu. Maswali akaandika.

Wakati wa kuondoka aliniambia Mkuu amempigia simu baba yake Kimya, kumwomba binti arudi darasani. Mzee alijibu kwamba binti anashukuru, ila anasema mikono yake haitaki.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua zimekatika. Jua kali, matope yameanza kupasuka.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kwa mama wa mtoto. Msimamizi wa mazoezi alinielekeza, baada ya kunionya nisiende. Ni fundi cherehani, ana chumba kimoja kinachotazama barabara, mlango wazi, sare za shule zimetundikwa kila mahali, ndogondogo. Alidhani nimeleta kitambaa.

Nikamwambia mimi ni nani. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono, hakuondoa mguu.

Sikutaka aisome kwenye karatasi ya hospitali, nilitaka aisikie kwangu. Nikamweleza kwa maneno machache niliyoweza: kwamba baba yangu alikuwa mgonjwa na nikamficha, kwamba nilimwandikia cha kusema, kwamba nilikosea namba moja, kwamba yule msichana hakufanya kosa lake bali langu. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeamua njiani kwamba sitampa mzigo wa kunijibu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nje watu walikuwa wanapita, mmoja akamsalimia akiwa barabarani, naye akaitikia kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Baba yako anajua?" akauliza.

"Nilimwambia mara mbili. Alilia zote mbili. Kufika asubuhi habari ilikuwa imemtoka."

Alichukua uzi, akautia ulimini, akautunga kwenye sindano kwa jaribio moja.

"Usimwambie tena," akasema. "Mwache mzee wa watu. Wewe ndiye wa kukumbuka."

Kisha akakanyaga, cherehani ikaanza kukimbia.